Fundi Amekutajia Mamilioni: Jinsi ya Kukabili Bili Kubwa ya Gereji Bila Kuuza Kiwanja

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la Kijapani lililokwishatumika (IST, Vitz, Premio, Noah, Harrier, Forester, X-Trail) ambaye fundi amemwambia "Bosi, hii injini imekwisha", kisha akataja kiasi kinachokaribia mshahara wa miezi minne. Nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, lakini hatua ni zilezile ukiwa Mwanza, Arusha au Mombasa, ila taasisi za serikali ninazozitaja ni za Tanzania.

Niseme msimamo wangu mapema. Bili nyingi kubwa hazikuzwi na bei ya spea, zinakuzwa na kubahatisha. Fundi anabadilisha koili, tatizo lipo. Anabadilisha sensa, tatizo bado lipo. Anasema sasa tufungue injini, na yote hayo umeshayalipia wewe. Kinga ni kutenganisha mambo matatu ambayo gereji nyingi huyafunga fungu moja: kupima, kununua spea na kufunga. Kila moja lipatanwe na kulipiwa peke yake.

Hatua ya 1: Zuia hasara isikue

Kabla ya kuwaza fundi, acha kuendesha. Mshale wa joto ukipanda kuelekea H, zima AC, washa hita hadi mwisho (ndiyo, na jua la Dar; inasaidia kutoa joto kwenye injini), tafuta pa kusimama na uzime gari. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Ile tabia ya kusema "nifike tu Ubungo" ndiyo inayogeuza hosi iliyopasuka kuwa kazi ya kushusha hedi (kichwa cha injini), maana hedi za injini hizi ni za alumini na joto likizidi zinapinda.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima papo hapo. Taa ya njano ya cheki injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kujiendea taratibu hadi gereji. Ikipepesa, injini haichomi vizuri na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi. Punguza mwendo na usimame mapema.

Na kwa wale ambao mvua za masika huwakuta Jangwani: gari likizimika ndani ya maji, usilipige stata tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayabanwi, na kinachopinda ni koneti rodi. Livute, plagi zitolewe kwanza. Kama una bima kubwa, piga simu kwa kampuni yako siku hiyohiyo na usome kama mafuriko yamo kwenye mkataba. Uchakavu wa kawaida wa injini au giaboksi hautalipwa na bima, hilo usijipe matumaini.

Hatua ya 2: Lipia kipimo kama kazi inayojitegemea

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwambie fundi hivi: "Fundi, leo sitengenezi. Nakulipa unipimie, uniambie ugonjwa na umeujuaje." Fundi mzuri hatachukia, kwa sababu kwa kawaida kupima huwa anafanya bure akitegemea kufidia kwenye spea. Ukimlipa, hana tena sababu ya kukuuzia kitu.

Magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yana soketi ya OBD2 chini ya usukani. Kifaa kidogo cha ELM327 kinachounganishwa na simu kwa bluetooth kinasoma namba za hitilafu, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaelewani na vifaa vya bei rahisi na yanahitaji mashine ya fundi. Kumbuka kwamba namba haitaji spea ya kununua. Inataja mahali pa kuanzia kutafuta.

Mfano halisi. IST yenye injini ya 1NZ-FE ina koili nne, moja juu ya kila plagi. Mashine inatoa P0301, yaani silinda ya 1 haichomi sawasawa. Fundi wa kubahatisha atakuuzia koili nne. Anayepima atachomoa koili ya silinda ya 1 aihamishie silinda ya 3, ya 3 ailete ya 1, afute namba kisha azungushe gari kidogo. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu na unanunua moja. Ikibaki P0301, anahamisha plagi kwa mtindo uleule, na ikigoma hapo anaenda kwenye injekta na kompresheni (presha ndani ya silinda). Kila koili inashikwa na bolti moja ya namba 10. Simama pale uangalie.

P0171 inasema injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Kabla ya kukubali pampu mpya ya mafuta, taka hosi za hewa zikaguliwe kama zimepasuka na sensa ya hewa isafishwe. P0420 inahusu masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Kuwa macho hapa: ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana wanunuzi. Ukiambiwa "yameziba, tuyatoe", omba uone yalivyoziba, na yakitolewa yabebe. Ni mali yako.

Gari linalochemsha lina maswali yake. Je, linachemsha kwenye foleni lakini ukishika barabara kuu linatulia? Angalia feni kwanza: washa AC gari likiwa limesimama, feni inatakiwa izunguke. Je, kwenye foleni liko sawa ila linapanda joto kwenye mlima kama Kitonga? Hapo shuku rejeta iliyoziba, wota pampu, au uhaba wa maji. Kifuniko cha rejeta nacho kipimwe. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kinayotakiwa kushikilia ili maji yasichemke mapema, na raba yake ikichoka gari linachemsha huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Ni spea ya bei ndogo ambayo haitajwi kwa sababu haina faida.

Gasketi ya hedi isikubaliwe kwa kukisia. Dalili zake ni maji kupungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye rejeta gari likiwa linaunguruma, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ute mwepesi wa namna hiyo kwenye kifuniko cha oili peke yake haujathibitisha kitu, safari fupifupi huweza kuuleta. Vuta dipstiki uone oili yenyewe. Kisha kuna kipimo cha dawa ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, moshi wa injini unapenya kwenye maji. Fundi asiye nayo apime kompresheni ya silinda zote na akuandikie matokeo.

Na tafadhali, usikubali thamostati (kizibo kinachofunguka maji yakipata moto) itolewe "kwa sababu nchi yetu ni ya joto". Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linakunywa mafuta zaidi.

Giaboksi ndiyo hofu kubwa kuliko zote. Ikianza kupiga au kuchelewa kuingiza gia, anzia kwenye oili yake, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Kwenye Toyota zenye dipstiki ya giaboksi, gari lipate moto, injini ikiwa inaunguruma pitisha gia zote kisha rudisha P, ndipo usome. Nusa. Harufu ya kuungua na rangi nyeusi ni habari mbaya. Oili iliyopungua tu ni habari njema. Kisha uliza kilichowekwa mara ya mwisho. IST za 2002 hadi 2007 zina otomatiki ya kawaida ya gia nne, lakini magari mengi yaliyofuata yana CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua), na CVT ikiwekewa haidroliki ya kawaida inakufa. X-Trail nyingi zimezikwa hivyo. Mtikisiko ukiweka D huku umekanyaga breki, mara nyingi ni injini maunti (raba inayoshikilia injini) iliyokatika, si giaboksi.

Hatua ya 3: Yaandikwe

Maneno ya gereji hayana mwenyewe siku ya ugomvi. Si lazima muende kwa wakili. WhatsApp inatosha, ilimradi fundi ajibu "sawa". Mfano:

"Fundi, kama tulivyoongea: IST, kilomita 148,300. Tatizo: linachemsha kwenye foleni. Kipimo: mota ya feni imeungua. Kazi: kubadilisha mota ya feni. Spea naleta mimi. Ufundi 40,000. Usifungue kitu kingine bila kunipigia. Spea ya zamani naichukua."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye kazi. Ya kwanza inazuia ile simu ya "bosi, tulipofungua tukakuta". Ya pili inakuonyesha kama kitu kimebadilishwa kweli.

Hatua ya 4: Fundi wa pili

Kwa kazi ndogo ni usumbufu. Kwa kazi ya kushusha injini, giaboksi au hedi ni lazima. Mpelekee wa pili dalili tu, usimwambie wa kwanza kasema nini wala bei gani, la sivyo utarudishiwa jibu lako mwenyewe likiwa na punguzo. Mtafute anayeshughulika na aina ya gari lako. Subaru ipeleke kwa mtu wa Subaru. Kama gari haliwaki, lipia usafiri wa fundi aje, ni nafuu kuliko kulivuta kutoka gereji hadi gereji.

Watu huona haya kumwacha fundi wao wa miaka. Usione. Mwambie kwa heshima kwamba familia imeamua kusikia ushauri mwingine kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 5: Nunua spea mwenyewe, kwa namba

Ukienda Kariakoo au Shaurimoyo na kuuliza "nataka koili ya IST", utapewa inayofanana. Nenda na namba ya chasisi kamili, inayoanza na NCP60 au NCP61 kwa mfano, na ikiwezekana namba ya spea yenyewe. Toyota huandika namba zake kwa tarakimu tano, kistari, kisha tano: koili ya 1NZ-FE ni 90919-02240. Namba hiyo imechapwa kwenye spea iliyotolewa, kwa hiyo piga picha kabla hujaondoka gereji. Ukiwa nayo unaweza kupigia maduka matatu ukiwa umekaa nyumbani.

Si lazima kila kitu kiwe kwenye boksi la Toyota. Denso, Aisin, NGK na KYB ni kampuni zinazovipatia viwanda vya Japani spea, na mara nyingi kitu ni kilekile kwa bei pungufu. Shida ni kwamba majina hayo ndiyo yanayoigwa zaidi. Plagi na oili ndizo ninazozinunua kwa tahadhari kubwa: chapa iliyofifia, herufi zisizonyooka, kifuniko cha kopo kinachozunguka bila kukata lakiri, au bei iliyo chini kupita kiasi, naondoka. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na utahitaji risiti ya EFD kuonyesha ulinunua wapi.

Mtumba je? Inategemea. Mota ya feni, taa, mlango, kioo cha pembeni, oltaneta, nunua mtumba bila wasiwasi ikiwa vya umeme umevijaribu dukani. Vitu vya kuchakaa au vya kuzuia kuvuja havifai kununuliwa mtumba: mkanda, pedi za breki, gasketi, wota pampu, thamostati, plagi. Gharama ya kufungua mara ya pili inakula ulichookoa.

Injini na giaboksi za mtumba, nyingine zikiwa zimepitia Sharjah huko Falme za Kiarabu, ni somo la peke yake. Taka kuiona kabla haijasafishwa. Injini iliyooshwa ikang'aa inaficha mahali inapovuja. Fungua kifuniko cha oili uangalie masizi meusi mazito, zungusha krenki kwa mkono, chomoa plagi uzilinganishe rangi. Andikiana na muuzaji siku za kujaribu baada ya kufungwa, na kama haiwaki ni nani anayelipia ufundi wa kuitoa. Hilo la mwisho hakuna anayelitaja hadi liwe tatizo. Na kwa kuwa namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, peleka mabadiliko TRA, la sivyo siku ya kuuza utapata taabu.

Hatua ya 6: Kutengeneza au kuuza?

Hesabu hii ifanyike kwa kalamu, kwa sababu mapenzi ya gari hudanganya. Tuseme gari lako likiwa zima linauzika milioni 9. Katika hali lilivyo sasa, mtu yuko tayari kutoa milioni 5.5. Tofauti ni milioni 3.5. Matengenezo yakiwa milioni 2.4, tengeneza, hata kama lengo ni kuuza. Yakiwa milioni 4.2, uza kama lilivyo, isipokuwa una hakika utaliendesha miaka mingine mitatu na mengine yote ni mazima. Kwenye gharama usisahau kuongeza yale yanayosubiri mlangoni: tairi, shokapu, bushi.

Aina ya injini nayo ipewe nafasi. Premio, Noah au Voxy ya D-4, yenye 1AZ-FSE, inaingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Kaboni hujaa njia ya hewa na pampu yake ya presha kubwa si ya bei ndogo. Harrier na magari mengine ya 2AZ-FE, hasa ya 2002 hadi 2006, yanajulikana kwa bolti za hedi kupoteza meno kwenye bloku. Huko ukibadilisha gasketi bila kutengeneza meno kwa vipachiko vya chuma, ndani ya muda mfupi utashusha hedi tena. Muulize fundi wazi: "Meno ya bloku utayafanyaje?" Akishangaa swali, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Pesa zitoke wapi

Kwanza punguza kazi. Panga orodha ya fundi kwa mafungu: yanayoua watu (breki, usukani, tairi), yanayoua injini (kuvuja kwa oili na maji), na yanayoudhi tu. Fungu la tatu lisubiri. Gari lenye AC isiyopoa linafika kazini.

Kinachobaki, kopa pa kukopea. SACCOS ya kazini au VICOBA mnayofahamiana ina riba unayoijua na watu wa kuongea nao ukichelewa. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani na ya programu za simu inayodai baada ya wiki moja, usiiguse kwa ajili ya gari. Injini haitakuwa imemaliza hata kufungwa, deni limeshazaa.

Wewe unayeendesha gari la mtu kwenye Bolt au programu nyingine ya teksi kwa kupeleka hesabu, soma mkataba wako leo, kabla halijaharibika. Uandikwe nani analipia oili na breki, nani analipia injini na giaboksi, na kama hesabu inasimama gari likiwa gereji. Kama hauna kipengele hicho, kaa na bosi wako mkiongeze wakati mnacheka bado.

Hatua ya 8: Kulikabidhi na kulichukua

Unapolikabidhi, piga picha ya kilomita, geji ya mafuta, betri, tairi na spea tairi. Video ya dakika moja kuzunguka gari inatosha. Usilipe ufundi wote mwanzoni. Toa sehemu kazi ikianza, sehemu uone kilichofunguliwa, iliyobaki baada ya kujaribu barabarani. Pesa ya spea mlipe mwenye duka moja kwa moja kwa simu, jina la duka likitokea kwenye ujumbe.

Hedi ikishushwa, ipelekwe kwenye mashine ikakaguliwe kama imepinda na kupasuka, iskimiwe (isawazishwe uso) ikibidi, na bolti zikazwe kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kiwanda. Ukiona zinakazwa kwa bomba refu na kwa "kuhisi mkono", simamisha kazi. Mfumo wa maji ujazwe kulanti iliyochanganywa sawasawa. Maji ya bomba peke yake yanaleta kutu.

Kulichukua usiende saa moja jioni ukiwa na haraka. Nenda mchana, lendeshe na fundi akiwa ndani angalau nusu saa, upite kwenye foleni na pa kukimbia, AC ikiwa imewashwa. Rudi, liache liungurume, angalia chini kama linadondosha. Chukua spea zako za zamani na risiti.

Hatua ya 9: Ugonjwa ukirudi

Waranti mpatane kabla ya kulipa, kwa siku na kwa kilomita, iandikwe kwenye ujumbe uleule. Tatizo likirudi, usiende kwa fundi mwingine kwanza. Akishafungua, wa mwanzo atasema wamemharibia kazi. Mtumie video, mpe siku ya kuliangalia, na umuulize swali moja: ni spea au ni ufundi? Ikiwa ni spea, risiti inakupeleka dukani. Ikiwa ni ufundi, anarudia bila malipo.

Akikataa kabisa na kiasi ni kikubwa, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe, kisha Mahakama ya Mwanzo ya eneo lako inapokea madai ya namna hii. Ujumbe wa WhatsApp, risiti za EFD, miamala ya simu na ile spea ya zamani ndani ya mfuko ndivyo vitakavyokusemea.

Kama kazi ilikuwa ya kuchemsha, kwa wiki mbili za mwanzo fungua boneti kila asubuhi injini ikiwa ya baridi na uangalie kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba. Weka alama kwa kalamu. Kikishuka chini ya alama, piga picha, mtumie fundi siku hiyohiyo waranti ikiwa bado hai.